Baada ya Neno Mwisho

Mtu mwenye nia njema hahesabu makopo ya mwenzake. Hivyo ndivyo alivyojiambia Fundi Giza Jumanne ile, alipotoka chumbani na kumkuta mwalimu wa jiografia kwenye kiti cha saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama imeona jini, akimuuliza binti wa Fundi kwa sauti laini, "Umesema yako mangapi kule chini ya kitanda?"

"Manane," binti akajibu, vidole vikiendelea na kazi. "Ya bati, mapana kama sinia. Nikiwa mdogo nilikatazwa hata kufagia karibu yake."

Fundi akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Mwalimu akageuka kadiri nywele zilivyomruhusu, akampa shikamoo, akarudishiwa marahaba fupi iliyokatwa mkia. Kisha akasema, kama anayeulizia hali ya hewa, kwamba ile sinema ya koti la kijivu ilikuwa na mikanda saba, sivyo?

"Sikumbuki," alisema Fundi.

Alikumbuka vizuri sana. Kilichomsumbua ni kwamba mwalimu naye alikuwa anajua. Anayeuliza njia anayoijua ana lake jambo. Na kama sinema ni mikanda saba na makopo ni manane, hesabu iliyobaki hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza. Fundi alirudi chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo, akakaa juu ya kitanda kama kuku anayeatamia.

Jina hilo la Giza hakupewa na wazazi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwonyesha picha wa jumba pekee la sinema mjini, amefungiwa katika chumba kidogo cha juu, nyuma ya ukuta wenye matundu mawili, projekta mbili zikipokezana. Kila mkanda ulidumu dakika ishirini hivi. Ukikaribia kwisha, kiduara kilimulika kwenye kona ya juu ya picha, upande wa kulia, mara moja, kisha mara ya pili, na hapo Fundi aliiwasha projekta hii na kuizima ile kwa mkupuo mmoja, watu wasijue kitu. Wala hawakujua. Walichokijua ni kwamba mkanda ukikatika ukumbi unaingia giza, na hapo watu mia tatu wanapiga kelele, "Fundi, giza!" mpaka aunganishe kwa wembe na gundi. Jina likamganda. Hata marehemu mkewe, siku akikasirika, alimwita hivyo hivyo.

Sasa jumba lile lilikuwa ghala la magodoro. Fundi alikaa barazani kwake akitengeneza pasi na feni, sebule aliiachia saluni ya binti, na watu waliompita walimsalimu kwa heshima ambayo fundi pasi wa kawaida haipati. Heshima ile yote ilitoka kwenye sinema moja. Na ndiyo iliyomnyima usingizi.

Mwalimu alikuwa mgeni, hajamaliza mwaka. Alikuwa ameanzisha chama cha kutazama sinema za zamani, Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa shule, mablanketi yakiwa yametundikwa madirishani. Aliwakaribisha wanafunzi na pia wazee. Siku ya kwanza aliona jambo. Sinema ilipokwisha wanafunzi waliinuka kwa fujo, lakini wazee walibaki wameketi, mikono mapajani, wakiutazama ukuta mtupu. Mwalimu akadhani wamechoka. Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu akamwinamia mzee mmoja aliyewahi kuwa tarishi wa posta, akamuuliza kulikoni.

"Tunangoja," tarishi alimwambia. "Huwezi kujua."

Na ndipo akasimuliwa habari za koti la kijivu. Mtu yeyote mjini mwenye zaidi ya miaka arobaini angemsimulia. Ilikuwa sinema ya nchi za mbali, nyeusi na nyeupe, watu wake wakizungumza lugha ambayo hakuna aliyeielewa hata neno. Mtu mmoja mwenye koti la kijivu anamwacha mkewe kwenda kutafuta kazi. Anahangaika huko aliko, barua haziji, mke anangoja dirishani. Mwishowe mtu yule anakufa darajani kwenye ukungu, anazikwa, mke anasimama peke yake, na neno Mwisho linatokea. Watu wanaanza kutafuta viatu vyao gizani. Halafu, baada ya neno Mwisho, picha inarudi. Barabara. Mtu anakuja kwa mbali, mwenye koti la kijivu. Anabisha hodi kwake, mkewe anamfungulia, anakunywa maji kikombe kizima bila kupumua, wanacheka, analala. Mke anaizima taa kwa kuipuliza. Giza.

Siku ile ya kwanza hakuna aliyepiga kelele kuomba mwanga. Watu mia tatu walikaa kimya kwenye giza lile, na walipotoka nje wengine walikuwa wanalia huku wanacheka. Sinema ikaonyeshwa kila mwezi kwa miaka tisa. Mafundi rangi waliichora ukutani, wake waliwashonea waume zao makoti ya kijivu, na mji mzima ukaota tabia ya kutoamini neno Mwisho hata likiandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani.

Sasa ukweli wenyewe, ambao Fundi hakumwambia hata mkewe, ulikuwa huu. Sinema ile haikutengenezwa hivyo.

Iliwasili siku ya mvua, ndani ya mkokoteni usio na turubai. Makopo yalilowa, lebo zikabanduka, na zilizobaki zikawa kama uji. Kwa kawaida kungekuwa na namba mwanzoni mwa mkanda wenyewe, lakini mikanda ile ilikwisha kupita mikononi mwa waonyesha picha wengi, na kila ilipokatika kuna mtu alipunguza kipande, mpaka namba zote zikaishia kwenye sakafu za watu. Fundi alipanga kwa kukisia. Mitano ya kwanza aliipatia. Wa sita na wa saba akaibadilisha. Mkanda wa kifo ukatangulia, mkanda wa kurudi nyumbani ukafuata. Kwa walioitengeneza, mtu yule alirudi kwanza, akalala kwake usiku mmoja, kisha akaondoka tena na kufa.

Fundi aliligundua kosa lake pale pale, neno Mwisho lilipotokea na projekta ya pili bado ina mkanda mzima. Alichelewa. Alisimama akitoka jasho, akingoja chupa zirushwe. Badala yake akausikia ule ukimya.

Kesho yake aliyapanga makopo mezani kwa mpangilio sahihi. Kisha akachungulia kwenye tundu.

Safu ya tatu, kiti cha pembeni, alikaa dada mkubwa wa mkewe, ambaye binti alimwita Mama Mkubwa. Alikuwa na mavazi meusi. Mumewe, dereva wa lori, alikufa safarini miezi mitatu kabla, akazikwa huko huko alikofia kabla mkewe hajapata habari. Hakuuona mwili, hakuliona kaburi. Tangu siku ile alikuwa hali chakula vizuri wala hasemi. Jana alikuwa ameletwa na mkewe Fundi kwa kuburutwa. Leo amekuja mwenyewe, na nyuma yake ameleta wanawake watatu. Alikuwa ameketi wima, anaongea.

Fundi alitazama makopo. Mikono yake ikayabadilisha.

Hiyo ndiyo siri. Na kama siri ya mtungi huijua kata, kata ya Fundi ilikuwa kopo la nane.

Jumatano aliyahamishia makopo juu ya kabati. Alhamisi akaona juu ya kabati panaonekana kutoka mlangoni, akayashusha, akayafunika kwa shuka chini ya meza. Lile la nane akalitumbukiza chini kabisa ya kapu la taulo za saluni, mahali ambapo hakuna mwizi angefikiri. Alisahau kwamba taulo huwa zinatumika.

Binti alikuwa anamtazama. "Baba," alimwambia akipanga vitana, "kama ni mchumba sema tu. Hakuna atakayekucheka. Lakini hizi funga-fungua za milango zinanitia wasiwasi."

Fundi alimjibu kwamba nyumba yenye saluni ina wezi wa kila aina, hata wanaokuja kusukwa. Binti akacheka, lakini jicho lake halikucheka. Tangu hapo wote wawili wakawa wanasikilizana nyayo.

Jioni Mama Mkubwa alikuja kunywa chai kama kawaida yake. Ushonaji aliuacha macho yalipoanza kumchokea, ila hakuacha tabia ya kukagua mshono wa kila mtu aliyekaa karibu naye. Alimvuta Fundi ukosi, akasikitika, akasema aliyeushona alikuwa na haraka ya kwenda msalani. Kisha akatoa habari iliyomfanya Fundi aweke kikombe chini. Mwalimu ameipata sinema ya koti la kijivu. Safi kabisa, haina mikwaruzo, ina hata maandishi chini yanayotafsiri maneno. Ataionyesha Jumamosi.

"Utanisindikiza, shemeji," alisema. "Gauni nimekwisha kulipiga pasi."

Fundi alijaribu kila mlango. Alisema viti vya shule ni vigumu kama mawe. Alisema sinema za siku hizi wanazitia kwenye kidude kidogo kama kucha, picha zinachakachuliwa, si zile. Alisema kuna dalili ya mvua.

Mama Mkubwa alimtazama juu ya miwani. "Tangu lini ukanizuia sinema?"

Fundi akanywa chai iliyokwisha kupoa. Aliwaza: miaka zaidi ya thelathini mwanamke huyu ameegemea ukuta, na ukuta wenyewe nimeujenga mimi kwa kosa. Jumamosi mbele ya watu wote utabomolewa, na ataniuliza mimi.

Ijumaa, saa ya mapumziko, alikwenda shuleni. Mwalimu alikuwa peke yake darasani, akikunja ramani. Fundi alimwomba aonyeshe sinema nyingine yoyote. Hakusema sababu, na kwa mtu kama yule mwalimu, kukosa sababu ni sawa na kumwaga petroli kwenye moto. Alifungua daftari lake. Fundi aliuona mwandiko mdogo ulioshonana, mishale, na namba moja mpaka saba, ya nane ikiwa imezungushiwa duara mara tatu.

"Fundi, mimi sikuja kukuvunjia heshima," mwalimu alisema taratibu. "Nimeitazama ile sinema mara nne. Nimeuliza watu wa mbali wanaokusanya sinema za zamani. Kuna kitu kiko hapa mjini ambacho hakiko mahali pengine popote duniani. Umekificha wewe. Na nadhani najua kiko kwenye kopo lipi."

Fundi aliondoka bila kuaga. Njiani alipishana na watu waliomwambia kesho tuko pamoja, Fundi, akawajibu kwa kichwa. Anajua, alikuwa anajiambia. Anajua, na amesubiri ukumbi ujae.

Alipofika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye kapu. Taulo zilikuwa zimefuliwa, zimekunjwa, zimepangwa vizuri. Kopo halikuwemo. Hakuweza kumuuliza binti bila kukiri kwamba lilikuwemo, na binti akawa anaimba kwa pua huku anafagia nywele. Fundi alimtazama mgongoni mpaka feni aliyokuwa anaitengeneza ikamkata kidole.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madawati ya kuazima. Wazee walikuja na wajukuu, wakiwasukuma mbele: kaa hapa, utaona, ngoja tu ufike mwisho. Mama Mkubwa alichagua safu ya tatu, kiti cha pembeni. Fundi hakukaa. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo mwonyesha picha hawezi kusimama kwa sababu siku zote yuko juu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama sinema ile akiwa miongoni mwa watu.

Ilikuwa nzuri. Hilo lilimshangaza. Maungio yake hayakuwepo, ile mikato aliyokuwa anaijua kama makovu ya mwili wake. Mvua ya mikwaruzo haikuwepo. Hata ukungu wa darajani ulikuwa ukungu kweli, si uchafu wa lenzi. Lakini kabla ya daraja, saa moja na dakika arobaini tangu ianze, ikaja barabara, na mtu wa koti akatokea mbali.

Ukumbi ukaguna. Mapema mno. Tarishi akasema kwa sauti kwamba hapa pamerukwa. Mtu akabisha hodi, akafunguliwa, akanywa maji, na maandishi ya chini yakatafsiri kwa mara ya kwanza alichokuwa anamwambia mkewe usiku ule. Kwa miaka yote mji ulidhani anamsimulia aliyoyaona huko kwa wafu. Alikuwa anasema, "Kesho asubuhi nitaondoka tena."

Fundi hakuangalia ukuta. Aliangalia kisogo cha Mama Mkubwa. Hakikutikisika.

Likaja daraja, likaja kaburi, likaja neno Mwisho. Wanafunzi walianza kuinuka, wakavutwa mashati na babu zao, wakakaa. Ukumbi wote ukangoja. Mwalimu hakuwasha taa. Alikuwa amegeuka, na yeye hautazami ukuta hata kidogo. Anamtazama Fundi. Dakika nzima ilipita, na ukuta ukabaki ukuta.

"Mwalimu, umetukatia sinema," alisema tarishi.

Maneno yakawaka kila upande. Wengine walisema ni nakala ya bandia, wengine wakasema imepangwa na mtu asiyejua kuhesabu. Mama mmoja akasema hiyo ndiyo shida ya vitu vidogo kama kucha. Mwalimu akawasha taa, akainua mkono, akasema yeye hakukata chochote. Hiyo ndiyo sinema inayojulikana dunia nzima. Ule mwisho wao, wa mtu kurudi baada ya kuzikwa, haumo katika nakala yoyote nyingine. Anaamini ni kipande kilichopotea kotekote, kikabaki hapa tu. Na mwenye nacho yumo humu ukumbini.

Vichwa viligeuka kimoja kimoja. Na hapo binti akasimama kutoka safu ya nyuma, kitu kipana kimefunikwa taulo mkononi.

"Nisamehe, baba," alisema. "Nilidhani ni barua za mwanamke. Halafu nikashindwa kulifungua, limeshika kutu. Basi lifungue mwenyewe, tujue moja."

Kumbe mwalimu hakujua habari za kubadilishwa mikanda. Fundi alisimama pale akilielewa polepole lile duara la daftarini. Siku zote hizi mwalimu alikuwa anawinda hazina, na yeye akadhani anawindwa mwizi. Angeweza kusema kipande kimeoza. Watu wangesikitika, mwalimu angeandika, mji ungeendelea na imani yake. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umekwisha kupigwa pasi. Lakini Mama Mkubwa alikuwa amegeuka naye, miwani imevuliwa, na Fundi hakuweza kusema mbele ya uso ule.

Akachukua kopo, akalibana kwapani, akaling'oa kifuniko kwa bisibisi ya mfukoni. Mwalimu alikuja mbio karibu aanguke juu ya dawati.

Ndani mlikuwa na wembe wenye kutu, chupa ya gundi iliyokauka, na vipande viwili vya karatasi vilivyowahi kulowa. Kimoja kilisomeka sita, kingine saba.

"Hakuna kipande," Fundi alisema. Sauti yake haikuzoea ukumbi, ilikuwa sauti ya chumba kidogo. "Ni lebo. Zilibanduka na mvua. Nilitanguliza wa saba, nikaweka wa sita nyuma. Mtu yule hakurudi. Alirudi kabla ya kufa, kama watu wote."

Kimya kilichofuata kilifanana na kile cha zamani, ila hiki kilikuwa kinamtazama yeye. Kijana mmoja alicheka, akapigwa kofi la kisogo na bibi yake. Mwalimu alikuwa ameshika zile karatasi mbili kwa ncha za vidole, anazigeuza, anaangalia nyuma yake.

Mama Mkubwa aliinuka, akashika mgongo wa kiti.

"Shemeji," alisema, "mimi ni fundi cherehani."

Fundi hakuelewa.

"Anaporudi nyumbani mfuko wa koti umechanika, unaning'inia. Mkewe anaushona pale kitandani, mshono mbaya, wa haraka. Na kwenye jeneza mfuko umeshonwa, mshono ule ule. Mfuko ulioshonwa haujifumui kaburini. Niliuona mara ya tatu tu."

Fundi alimuuliza, kama alijua, kwa nini alikuja miaka tisa.

"Kwa sababu nilidhani unanifanyia mimi," alisema. "Nikasema, shemeji yangu haongei, lakini tazama. Kuacha kuja ingekuwa utovu wa adabu."

Watu wengine wangeishia hapo, wakaichukua sifa ile na kwenda nayo nyumbani. Fundi alitikisa kichwa. Alisema siku ya kwanza lilikuwa kosa tupu, wala hakujua kama yeye yumo ukumbini.

"Ya kwanza ilikuwa ya mvua, basi," alisema Mama Mkubwa. "Na zile nyingine zote zilikuwa za nani?"

Fundi alitazama sakafu. Aliwakumbuka wanawake watatu, kiti cha pembeni, mikono yake mwenyewe juu ya makopo.

"Zako, shemeji."

Mama Mkubwa akavaa miwani, kama mtu aliyepata chenji yake kamili. Akamgeukia mwalimu, akamuuliza kama kidude chake hicho kinaweza kuweka wa sita baada ya wa saba. Mwalimu alisema kinaweza, ni kazi ya dakika mbili. Fundi alihisi kama ametukanwa.

"Basi wiki ijayo utuwekee ya shemeji," Mama Mkubwa alisema. "Hii ya leo nimekwisha kuiishi. Na hayo maandishi ya chini uyatoe."

Wiki nzima iliyofuata mwalimu alipita saluni mara tatu, na nywele zake hazikuwa na haja hiyo. Alikubali habari za lebo, alisema. Ila alitaka kuuliza tu: makopo yale saba, kuna aliyewahi kuyafungua yote? Na kapu lile la taulo lilikuwa na nini kingine? Binti alimwambia lina taulo. Fundi, akiwa barazani na pasi ya mtu magotini, alimwita akamkabidhi makopo yote, akamwambia ayanuse mwenyewe, mikanda imeoza, inanuka siki kuliko kachumbari. Mwalimu aliyabeba moja moja. Kwenye daftari lake Fundi aliona ile nane bado ina duara, sasa na alama ya kuuliza pembeni.

Jumamosi wengi walirudi, na waliosikia tu nao wakaja. Safari hii Fundi alikaa, safu ya tatu, kando ya kiti cha pembeni. Likaja daraja, likaja kaburi, likaja neno Mwisho, na hakuna mguu uliosogea. Kisha barabara. Ukumbi ukavuta pumzi kana kwamba haukuwahi kuambiwa chochote. Tarishi alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati bila aibu. Mtu wa koti alikunywa maji. Mkewe akaushona mfuko. Mama Mkubwa akanong'ona, si kwa mtu yeyote hasa, kwamba mshono ule kwa kweli ni wa aibu. Kisha taa ikapulizwa.

Giza lilipokwisha na balbu kuwaka, Mama Mkubwa alikuwa amesimama tayari, anatafuta mwavuli wake chini ya kiti. Hakungoja kitu. Wazee wengine walimtazama, wakatazamana, halafu nao wakaanza kuinuka, wakiulizana habari za magoti na wajukuu. Fundi alimpa mkono washuke ngazi.

Mlangoni aligeuka mara moja. Ukumbi ulikuwa mtupu, madawati yamekaa upande upande. Mwalimu peke yake alibaki ameketi mbele, daftari mapajani, akiutazama ukuta.